Bunduki Mpya ya Hewa Ikianza Visa: Ipi Hitilafu, Ipi Tabia

Risasi kumi za kwanza zilitoka na moshi. Ya kumi na moja ilipasuka kama fataki, harufu ya mafuta yaliyoungua ikanijaa puani. Iliyofuata ikaenda kushoto, nyingine ikaenda kulia, na kufikia jioni nilikuwa nasikia kitu kikichezacheza mahali fulani ndani ya mbao. Bunduki ilikuwa na umri wa saa tano mikononi mwangu. Nikafanya lile ambalo wengi hulifanya: nikachukua bisibisi, nikaifungua.

Sikuweza kuirudisha ilivyokuwa. Washa moja, kile kipete cha chini ya skrubu, ilirukia nisikojua mpaka leo, na muuzaji alipoziona skrubu zilizokwaruzwa alinirudishia bunduki bila maneno mengi, waranti ikiwa imekufa. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimejifunza mawili matatu, ndipo nilipotambua kwamba siku ile bunduki haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa na grisi ya kiwandani iliyozidi, na skrubu mbili za kitako zilizolegea. Dawa yake ilikuwa alenki moja, ule ufunguo wa pembe sita, na risasi mia mbili za kuizoesha.

Shida ya siku za mwanzo ni kwamba ubovu na ugeni huvaa sura moja. Risasi zinapotawanyika, huenda darubini imelegea, huenda mtutu haupatani na risasi za aina ile, huenda mpira unavujisha hewa, na huenda mpigaji mwenyewe anaibana bunduki kama anayepigania asinyang'anywe. Moshi huenda ni grisi inayojimaliza, huenda ni mafuta ambayo mwenye bunduki aliyamimina pasipotakiwa. Anayeanza kwa kuuliza nini kimevunjika ameanza na swali la mwisho. La kwanza ni hili: bunduki ya aina hii, ikiwa nzima, huwa na tabia gani?

Kilichomo ndani

Bunduki nyingi za mtutu wa kukunja hazihifadhi hewa hata kidogo. Ukiukunja mtutu, mkono wa chuma ulio chini yake huirudisha pistoni nyuma na kuibana springi nzito, mpaka ndoano ya kifyatulio iinase. Huko ndiko kukoki. Ukifyatua, ndoano inaachia, springi inaitupa pistoni mbele, na hewa iliyokuwa ndani ya silinda inashindiliwa na kupenya kwenye kitundu chembamba kwenda kuisukuma risasi. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho. Pistoni inapokwenda mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni inapofika mwisho wa silinda na kusimama, bunduki inaruka mbele. Ni mateke mawili, kila moja na upande wake. Likumbuke teke hilo la pili, maana sehemu kubwa ya visa vya bunduki hizi hutoka kwake.

Zipo ambazo mahali pa springi pamewekwa mtungi mdogo wa gesi uliofungwa kabisa. Hufanya kazi ile ile kwa mtetemo mdogo zaidi. Nyingine hutumia vichupa vya kaboni dioksidi. Halafu zipo zile zinazobeba hewa iliyokwisha kushindiliwa kwenye tangi lililo chini ya mtutu, nyingi zikijazwa kati ya bar 200 na 300 (bar ni kipimo cha shinikizo). Hizi hazina teke la kutia hasara, lakini ndani yake kuna oringi, yaani pete za mpira, na valvu zinazotakiwa kuzuia shinikizo hilo usiku na mchana. Ndiyo maana bunduki ya springi hulegea, na bunduki ya tangi huvuja. Ukilijua hilo tu umeshapunguza nusu ya kubahatisha.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha haina risasi na haijakokiwa. Ya mtutu wa kukunja ina hatari ambayo wengi hawaifikirii: ikiwa imekokiwa na mtutu bado uko wazi, kifyatulio kikiponyoka mtutu hujifunga kwa nguvu ya springi nzima, na vidole vilivyokuwa vinapakia risasi huwa katikati. Kwa hiyo mkono mmoja haubanduki kwenye mtutu mpaka ufungwe. Na asidhani mtu kwamba kitu cha hewa ni cha mchezo. Tarehe 30 Agosti 1803, siku ya kwanza ya safari yake ya kuelekea magharibi mwa Amerika, mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis aliwaonyesha watu bunduki yake ya hewa kwenye kisiwa kimoja karibu na Pittsburgh. Mmoja wao aliyekuwa hajaizoea akaishika, ikafyatuka, na risasi ikamjeruhi kichwani mwanamke aliyesimama yadi 40 hivi kutoka hapo. Alinusurika, lakini kwa tundu la sindano.

Moshi na mlipuko

Hili ndilo linaloogopesha wengi, na ndilo lenye maelezo mazuri kuliko yote. Injini ya dizeli haina plagi. Hewa ikishindiliwa ghafla hupata joto kali, na mafuta yanayokutana na joto hilo huwaka yenyewe. Silinda ya bunduki ya springi ni injini ya aina hiyo bila kukusudiwa: pistoni inaishindilia hewa, hewa inachemka, na kama kuna grisi au oili mbele ya pistoni, inawaka. Kiwandani hupakwa grisi nyingi ili vyuma visishike kutu vikiwa stoo au melini, na sehemu yake hujipenyeza kule mbele. Ndiyo maana bunduki mpya huvuta sigara.

Moshi mwembamba, harufu ya mafuta na mlio mzito kidogo katika makumi ya mwanzo ya risasi ni jambo la kawaida. La kutazama ni mwelekeo. Moshi ukipungua kila siku unayopiga, bunduki inajisafisha, iache iendelee. Huchukua risasi mia kadhaa, na katika kipindi hicho hicho mpira wa pistoni unajikalisha ndani ya silinda na springi inatulia. Kuhukumu shabaha ya bunduki ya springi kabla ya hapo ni kuionea.

Mlipuko ni habari nyingine. Ukisikia mpasuko mkali wa ghafla, bunduki ikaruka tofauti na kawaida, na jambo hilo likajirudia risasi baada ya risasi, hapo mafuta yamezidi. Kila mpasuko unaitupa pistoni nyuma dhidi ya springi na kuunguza mpira wake. Mara moja au mbili si msiba. Ikiwa ni mfululizo, simamisha upigaji, safisha mtutu na kile kitundu cha kupitishia hewa, ujaribu tena kwa risasi nzito kidogo. Ikiendelea, hiyo ni kazi ya fundi au ya aliyekuuzia.

Na hapa ndipo penye kosa la wema mwingi: mtu anaona moshi, anasema chuma kimekauka, anadondosha oili ya cherehani kwenye kitundu. Amemwagia petroli jiko linalowaka. Vilainishi vinavyotokana na mafuta ya petroli, kama oili hiyo, haviingii mbele ya pistoni, kwa hali yoyote. Kama kitabu cha bunduki yako kinataka tone la mafuta ya silikoni mahali hapo, tia tone, si kijiko. Viungo vya nje, kama kile cha kukunjia mtutu, vina grisi yake, usichanganye.

Upo mlio mwingine mkali ambao si dizeli. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Ukipakia risasi nyepesi sana kwenye bunduki yenye nguvu, risasi hupita kasi hiyo na kupasua hewa kwa kishindo. Badilisha risasi, kishindo kinakwisha. Hakuna kilichoharibika.

Mlio wa gitaa baada ya kufyatua, ule wa waya unaotetemeka, ni springi inayocheza kwenye kishikizi chake. Unaudhi masikio, lakini peke yake haudhuru kitu. Fundi anaweza kuunyamazisha kwa grisi nzito. Wiki ya kwanza uvumilie.

Skrubu

Lile teke la mbele na nyuma ni kama kuigonga bunduki kwa nyundo ndogo kila unapofyatua. Kinacholegea kwanza ni skrubu za kitako: mbili zilizo ubavuni karibu na mtutu, na zile za karibu na kifyatulio. Zikilegea hata robo ya mzunguko, chuma kinaanza kutembea ndani ya mbao, na kila risasi inaondoka chuma kikiwa kimekaa mahali tofauti. Kwenye karatasi utaona makundi mawili ya matundu, kana kwamba wamepiga watu wawili. Ukiona hivyo, usiguse darubini. Shika alenki.

Zikaze kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, mpaka zishike vizuri, wala usizivunje shingo kwa nguvu. Mbao hukubali kubonyea na uzi wa skrubu hukatika. Zikaguliwe baada ya kila risasi hamsini mwanzoni, baadaye zinatulia. Ikiwa moja hairidhiki, isafishe mafuta, uitie tone la gundi ya skrubu yenye nguvu ya wastani, ile ya bluu inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Nyekundu iache, ni ya kudumu.

Darubini ndiyo mhanga wa pili. Darubini nyingi, hata za bei mbaya, zilitengenezwa kustahimili bunduki ya baruti inayorudi nyuma tu. Teke la mbele zinalipokea kwa upande ambao vioo vyake havikushikiliwa, na baada ya muda vinalegea ndani. Ndiyo sababu zipo darubini zilizotengenezwa mahususi kwa bunduki za springi. Hata iliyo imara inaweza kutambaa pamoja na vishikizi vyake juu ya reli, ile njia ya chuma inayokalia, milimita kwa milimita, kurudi nyuma. Chora mstari mwembamba wa penseli mahali kishikizi kinapokutana na reli. Piga risasi ishirini. Mstari ukihama, mwizi umemshika. Vishikizi vizuri vina pini inayoingia kwenye tundu la bunduki kuzuia safari hiyo.

Namna rahisi ya kujua kama kosa ni la darubini ni kuivua kabisa na kupiga kwa vilengeo vya chuma, kama bunduki inavyo. Vikikusanya risasi mahali pamoja, mtutu hauna kosa. Jambo jingine: kwenye bunduki za kukunja, mtutu mara nyingi huelekea chini kidogo ukilinganisha na reli. Mtu analazimika kuzungusha kitufe cha juu mpaka kinagota, na darubini iliyofikishwa mwisho wa marekebisho yake haitulii, kwa sababu springi ndogo ya ndani haina tena cha kusukuma. Hilo halitibiwi kwa kununua darubini nyingine. Linatibiwa kwa vishikizi vilivyoinuliwa nyuma.

Yule Lewis naye yalimpata. Juni 1805, wakiwa porini, mhunzi wa msafara John Shields aliibadilishia bunduki ile springi kuu. Agosti mwaka ule ule vilengeo vyake vilikutwa vimesogezwa na ajali; Lewis akavirudisha, akailenga upya, ikapiga kama ilivyokuwa ikipiga zamani. Tangu enzi hizo springi na vilengeo ndivyo vinavyoongoza orodha ya lawama.

Risasi, mtutu na mikono

Mtutu wa bunduki ya hewa una uchaguzi kama mtoto wa mwisho. Risasi mbili za kipenyo kinachoitwa 4.5 milimita huenda moja ina kichwa cha 4.50 na nyingine 4.52, na bunduki moja ikaipenda hii na kuikataa ile bila sababu unayoweza kuiona kwa macho. Kabla ya kusema mtutu umepinda, jaribu aina nne au tano zenye uzito tofauti, na kila aina uipe risasi kadhaa za kuuzoea mtutu kabla ya kupima. Risasi inayodumbukia yenyewe bila kusukumwa ni nyembamba mno kwa mtutu huo. Inayohitaji kushindiliwa kwa kidole mpaka sketi yake, ule ukingo wake wa nyuma, inakunjika ni nene mno.

Mtutu wenyewe husafishwa mara moja kabla ya kuanza, kwani nao umepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Tumia uzi wenye vitambaa, uvute kutoka tundu la kupakilia kuelekea mdomoni, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Fimbo ya chuma iache. Mifereji ya ndani ya mtutu wa bunduki ya hewa si migumu kama ya baruti, na ncha ya mdomo ikikwaruzwa risasi hupotea. Ncha hiyo unaweza kuikagua kwa pamba ya masikio: izungushe kwenye ukingo wa ndani, na ikinasa nyuzi mahali pamoja kila mara, pana kimwiba cha chuma. Hilo ni kosa la kiwandani la kweli, nalo linatosha kuirudisha.

Kuhusu mikono nitasema wazi, hata kama haipendezi: bunduki nyingi za springi zinazorudishwa dukani kwa kosa la shabaha hazina kosa. Risasi huwa bado imo ndani ya mtutu wakati bunduki imeanza kwenda nyuma, kwa hiyo kila kinachobadilisha safari hiyo kinabadilisha mahali risasi inapotua. Ukiibana leo na kuilegeza kesho, ukiilaza kwenye jiwe gumu asubuhi na kwenye mkoba jioni, unapiga kwa bunduki nne. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, bega liiguse tu, iache iruke ipendavyo, mradi iruke vilevile kila mara. Wengi hugundua siku hiyo kwamba bunduki yao ilikuwa nzima.

Mtutu unaocheza, mpira unaovuja, ndoano isiyonasa

Sasa tunaingia kwenye hitilafu zenyewe. Bunduki ikiwa imefungwa na haijakokiwa, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, ujaribu kuutikisa kulia na kushoto. Haupaswi kucheza. Ukicheza, bolti ya kiungo imelegea, na bunduki nyingi zina njia ya kuikaza kutoka nje. Ikiwa kiungo chako ni pini tu bila bolti, usihangaike nacho, kirudishe.

Mpira wa tundu la kupakilia, ile oringi inayokutana na uso wa silinda mtutu ukifungwa, ni kitu cha bei ya chini kinachosababisha kelele nyingi. Upime hivi: tandika kipande cha karatasi laini ya chooni juu ya maungio hayo, weka risasi ndani, lenga mahali salama, fyatua. Karatasi ikipeperuka, hewa inatoka pale. Kuibadilisha oringi hiyo hakuhitaji kuifungua bunduki; inang'olewa kwa kijiti na mpya inabonyezwa mahali pake. Lakini hakikisha kwanza kwamba haikulala upande, maana mara nyingine imekaa vibaya tu tangu kiwandani.

Bunduki ikikataa kukokika, yaani mtutu unafika mwisho lakini ndoano hainasi, jiulize kwanza kama kuna mtu aliyegusa skrubu ya kifyatulio. Ni skrubu yenye kishawishi kikubwa: kila mtu anataka kifyatulio chepesi. Ikizungushwa kupita mpaka, ndoano inabaki na ukingo mwembamba wa kushikilia, au haishikilii kabisa. Irudishe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Na kama bunduki inajifyatua yenyewe ukiigonga kitako au ukifungua kifungio cha usalama, basi mazungumzo yamekwisha. Usiipige tena, usimwazime mtu. Kasoro nyingine zote za makala haya unaweza kuishi nazo wiki moja, hii hapana.

Springi yenyewe haifunguliwi mezani kwa mikono mitupu. Hata ikiwa haijakokiwa, imekaa ndani ikiwa imebanwa, na kizibo cha nyuma kikiachia hutoka kama jiwe la teo. Mafundi wana kibanio chake. Mtungi wa gesi nao haufunguliwi, haukatwi, hautiwi moto. Ukipoteza gesi, utaijua kwa kuwa kukoki kumekuwa kwepesi ghafla na risasi imekuwa legevu, na tiba yake ni kubadilisha mtungi mzima.

Tabia mbili huiua bunduki ya springi mapema. Ya kwanza ni kuifyatua bila risasi: hewa inatoka bila kizuizi, pistoni inakosa mto wa kuipunguza kasi, inagonga chuma kwa chuma. Ya pili ni kuiacha imekokiwa kwa saa nyingi, springi ikajizoeza ufupi. Mwenye mtungi wa gesi amesamehewa hili la pili.

Je, ni dhaifu kweli?

Nguvu haipimwi kwa sikio, wala kwa kopo lililotobolewa. Hupimwa kwa kronografu, kifaa kinachosoma mwendo wa risasi ikipita juu yake. Risasi yenye gramu 0.55 ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde ina takriban jouli 15.8, jouli ikiwa kipimo cha nguvu inayobebwa na risasi. Kwa jouli zile zile, risasi ya gramu 0.35 ingetoka kwa mita 300. Bunduki ni ile ile, nguvu ni ile ile, ila namba ya pili inapendeza zaidi ikichapishwa kwenye boksi, na mara nyingi ndiyo inayochapishwa. Mtu anapima kwa risasi yake nzito, anakuta upungufu wa mita 60, anaanza kulalamika. Afadhali alinganishe jouli.

Tena kuna sheria. Huko England na Wales bunduki ya hewa isiyozidi futi-pauni 12, takriban jouli 16.3, haihesabiwi kuwa silaha ya hatari zaidi inayotaka cheti. Ujerumani mpaka wa zile zenye alama ya F ndani ya pembetano ni jouli 7.5. Bunduki ya muundo mmoja hutengenezwa kwa springi tofauti kulingana na soko. Ukiona pembetano hiyo ubavuni, udhaifu wake ni wa makusudi.

Kinachofichua ubovu ni mtawanyiko kuliko wastani. Piga risasi kumi za aina moja, andika kila mwendo. Zikikaribiana, mashine ni nzima hata kama ni ndogo. Zikiruka mita 30 juu na chini baada ya mia kadhaa za mwanzo, mpira fulani unavuja au mafuta bado yanaungua.

Zile za tangi

Malalamiko ya kwanza ya mwenye tangi ni kwamba amejaza bar 200 usiku, asubuhi geji inasoma 187, na hakufyatua hata moja. Mara nyingi hakuna kilichovuja. Hewa inayoshindiliwa tangini hupata joto. Ikipoa, shinikizo hushuka. Tangi lililofika nyuzi 40 likapoa hadi 20 litashuka kutoka bar 200 hadi kama 187, kwa hesabu ya fizikia tu. Kwa hiyo usisome geji baada ya kujaza. Subiri saa moja hivi, soma, andika, halafu soma tena kesho yake hewa ya chumbani ikiwa ile ile. Shinikizo likishuka hapo, ndiyo kuvuja.

Mahali pa kuvuja hutafutwa kwa maji ya sabuni na brashi: kwenye tundu la kujazia, shingo ya geji, maungio ya tangi. Mapovu hayadanganyi. Kama nje pakavu, vesha kipira cha puto mdomoni mwa mtutu, bunduki ikiwa tupu na haijakokiwa. Kikitutumka taratibu, valvu ya kufyatulia haijafunga. Pengine ni chembe ya uchafu, na hupeperushwa na risasi chache. Na kama tangi tupu linakataa kabisa kujaa, hewa ikitokea mtutuni, angalia kitabu kinasemaje juu ya kuikoki kwanza: kwenye bunduki nyingi nyundo ya ndani huilalia valvu, na ikirudishwa nyuma valvu inapata nafasi ya kujifunga.

Risasi za mwanzo kuwa legevu na zinazofuata kupata nguvu ni kisa kingine kisicho ubovu, kwa bunduki isiyo na regulata, kile kifaa cha kusawazisha shinikizo linaloifikia valvu. Tangi likijazwa kupita kiasi, shinikizo linaibana valvu hata nyundo inashindwa kuifungua vya kutosha. Jaza kidogo. Yenye regulata ikirusha risasi ya kwanza ya siku kwa kasi kuliko zote, basi regulata inaachia hewa kidogo kidogo ikiwa imelala, na hiyo ni ya kurudisha.

Mawili hayana mjadala. Hakuna skrubu ya upande wa hewa inayolegezwa tangi likiwa na shinikizo, hata robo mzunguko. Na oringi hulainishwa kwa grisi ya silikoni peke yake. Vilainishi vya petroli vikikutana na hewa ya bar 200 vinaweza kuripuka, na safari hii si moshi mwembamba.

Wenye vichupa vya kaboni dioksidi nina neno moja tu kwao: gesi hiyo ina takriban bar 57 kwenye nyuzi 20, lakini kwenye sifuri hubaki kama 35. Bunduki iliyopiga vizuri mchana na kuchoka alfajiri ya baridi haiumwi.

Kuirudisha

Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe. Ukikaza skrubu, ukabadilisha risasi na kuhamisha darubini asubuhi moja, hata bunduki ikipona hutajua ilikuwa inaumwa nini, wala hutakuwa na la kumwambia muuzaji. Mimi siku hizi daftari langu lina safu nne: tarehe, hesabu ya risasi tangu mwanzo, aina ya risasi, na kilichotokea. Muuzaji anayesikia "haipigi vizuri" atakupa nasaha. Anayesomewa kwamba tangu risasi ya 310 mtutu unacheza upande wa kulia na karatasi inapeperuka kwenye maungio, akaonyeshwa na karatasi za shabaha, huyo anachukua fomu.

Kabla ya kuifunga, toa risasi, hakikisha haijakokiwa, ya tangi itolewe hewa kwa njia iliyoelezwa kitabuni. Vua darubini ubaki nayo. Skrubu ziache zilivyo, hata ile inayokukera, na boksi la mwanzo kama hukulichoma, litumie hilo hilo.